Vikombe vinne vya supu na mtoto asiyeongezeka: uchambuzi wa kisa kimoja

Mtoto alikuwa na siku 13 walipokuja. Kadi ilionyesha alizaliwa na gramu 3,200, siku ya nne akawa 2,950, na asubuhi ile mizani ikasimama kwenye 2,980. Gramu 30 kwa siku tisa. Bibi yake, aliyebeba mkoba wenye chupa mbili za chai na bakuli lililofungwa kitambaa, hakungoja kuulizwa.

"Sista, huyu mwanangu nimemlisha. Supu, uji, uwatu, kila kitu nimempa. Maziwa hayaji. Tuambie tumesahau chakula gani."

Mzazi mwenyewe, na huo ulikuwa uzazi wake wa kwanza, alikaa upandeupande kwenye kiti kwa sababu ya mshono. Alisema sentensi moja tu: "Labda sina tu, sista. Si wapo wasio nayo?"

Kisa hiki nimekishona kutokana na visa kadhaa vinavyofanana, na yote yanayoweza kumtambulisha mtu nimeyaondoa. Nimekichagua kwa sababu swali la bibi lilinivuta upande mmoja, mimi nikakimbilia upande wa pili, na sote wawili tukapitwa na kitu kilichokuwa katikati.

Kabla ya kuzungumzia chakula, kuna jambo la kuhakikisha: je, mtoto kweli hapati? Wengi wanaosema maziwa ni machache wanayo ya kutosha. Titi linalolainika baada ya wiki mbili tatu huwatisha, ingawa kulainika huko ni dalili kwamba mwili umeshazoea kiasi kinachohitajika. Mtoto anayelialia jioni huwatisha pia. Wengine hukamua, wakapata vijiko viwili, wakahitimisha kwamba ndicho kilichomo, ilhali mkono au pampu havitoi kama kinywa cha mtoto anayenyonya vizuri. Vitu vya kutegemea ni vitatu: uzito, mkojo na choo. Mtoto hupungua siku za mwanzo, kwa kawaida hadi asilimia 7, wengine wakikaribia 10, kisha hurudia uzito wa kuzaliwa kati ya siku ya 10 na ya 14. Kuanzia hapo huongeza gramu 20 hadi 30 kwa siku. Akishapita siku ya tano tunategemea nepi sita au zaidi zilizolowa kwa saa 24, na choo cha njano mara tatu nne.

Huyu alikuwa na nepi nne. Choo mara moja tangu jana, kidogo, cha kijani kijani. Kushuka kwake kwa siku nne za kwanza kulikuwa kwa asilimia 7.8, jambo lisilonishtua. Kilichoharibika kilianza baada ya hapo, nyumbani. Malalamiko yao yalikuwa ya kweli.

Safu mbili kwenye karatasi moja

Niliwaomba wanisimulie siku ya jana tangu alfajiri. Bibi akawa anataja chakula, mama akawa anataja kunyonyesha, nami nikaandika safu mbili kwenye karatasi moja huku saa zikiwa pembeni.

Safu ya kwanza ilijaa. Saa kumi na mbili asubuhi maji ya uwatu na uji. Saa tatu supu. Saa tano uji. Saa saba uwatu tena na supu. Saa tisa chakula, sahani aliyoifikisha nusu kwa sababu tumbo lilishajaa. Saa kumi na moja supu. Saa mbili usiku uji, uwatu, na supu ya kulalia. Nilijumlisha: supu vikombe vinne, uji bakuli tatu, uwatu glasi tatu, na chai hapa na pale. Zaidi ya lita tatu za vimiminika, na kilichotafunwa ni nusu sahani.

"Na nyama ya kwenye supu?"

"Tunachuja, sista. Nguvu iko kwenye mchuzi."

Safu ya pili ilikuwa na mistari sita. Saa moja asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni, saa tatu usiku, kisha hakuna kitu mpaka saa kumi na moja alfajiri. Saa nane za usiku bila kunyonyesha. Mtoto wa umri huu anatakiwa kunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukihesabiwa. Nilipouliza kuhusu pengo lile, bibi alieleza kwa fahari kidogo: alimchukua mjukuu alale chumbani kwake, akampa maziwa ya kopo mililita 60 mara mbili, ili mama apumzike na maziwa yajae. Mchana pia, bakuli lilipoletwa, mtoto alipokelewa abembelezwe hadi mama amalize kula kingali cha moto. Akilia sana, alipewa chupa nyingine ndogo.

Ukiziweka safu hizo sambamba, kila mlo wa kuleta maziwa ulikuwa umeondoa fursa ya kunyonyesha. Hakuna aliyekusudia hivyo. Kila aliyekuwemo nyumbani mle alikuwa akijituma.

Maswali mengine niliyapitia haraka, na hayakuleta kitu. Hakuwa akitumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni wala dawa za mafua zenye pseudoefedrini, ambazo hupunguza maziwa. Hakuwahi kufanyiwa upasuaji wa matiti, na matiti yalikuwa yameongezeka wakati wa ujauzito. Damu ya uzazi ilishapungua bila harufu, kwa hiyo sikuwa na shaka kubwa ya kipande cha kondo kilichobaki. Ulimi wa mtoto ulinyanyuka na kutoka nje vizuri. Wapo kweli wasio na maziwa ya kutosha kwa sababu za mwili, na aliyeuliza swali lile alistahili jibu hilo bila kupambwa. Lakini hakuna kilichoonyesha kwamba yeye ni mmoja wao.

Gramu 14, kisha 38

Nilimpima mtoto na nguo zake na nepi yake, nikamwomba mama amnyonyeshe kama anavyofanya nyumbani.

Alimshika kama mtu anayemlisha kwa chupa, tumbo la mtoto likielekea dari na shingo imegeuzwa pembeni. Mtoto alikamata ncha ya chuchu. Kidevu hakikugusa titi, mashavu yalibonyea ndani, midomo ilichezacheza upesi upesi. Nilisikiliza mmezo, ile sauti ndogo kama pumzi inayokatika, nikausikia mara tatu nne mwanzoni, kisha kimya. Dakika ya nane alikuwa amelala na chuchu mdomoni. Mama aliendelea kumshika hivyo hadi dakika 25 akiamini bado ananyonya. Chuchu ilipotoka ilikuwa imebanwa upande mmoja, imechongoka kama rangi ya mdomo iliyofunguliwa leo. Mizani: gramu 14 zaidi.

Titi la pili tulilianza upya. Tumbo la mtoto kwa tumbo la mama, pua mkabala na chuchu, kusubiri hadi mdomo uachame kama anapiga mwayo, kisha kumvuta haraka ili kidevu kitangulie na sehemu kubwa ya weusi ulio chini ya chuchu iingie mdomoni. Alipoanza kusinzia nilimwonyesha mama jinsi ya kulibana titi taratibu kwa kiganja, mbali na chuchu, ili maziwa yamwamshe. Mashavu yakajaa. Mmezo ukaanza kusikika kila baada ya kuvuta mara moja au mbili.

"Huyo anameza?" mama aliuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba angemshtua.

"Anameza."

Dakika 20. Mizani: gramu 38. Ukijumlisha na zile 14 unapata 52, yaani karibu mililita 52 za maziwa, na mtoto wa kilo tatu wa umri huu huhitaji takribani mililita 450 kwa siku. Mara tisa za namna hiyo zinatosha.

Hapo ndipo nilipomrudia bibi na swali lake. Kondo likishatoka, homoni ya projesteroni hushuka ghafla, na ndani ya siku mbili hadi nne maziwa huanza kutengenezwa kwa wingi, hata kama mama amekula vibaya. Baada ya hapo titi hufuata kinachotoka. Mtoto akivuta, ubongo huachia prolaktini inayotengeneza na oksitosini inayosukuma maziwa nje. Maziwa yakikaa titini kwa muda mrefu, utengenezaji hupunguzwa pale pale kwenye titi, hata kama damu imejaa homoni. Kwa hiyo kulipumzisha ili lijae ni kulipa taarifa kwamba mteja ameondoka. Bibi alilifikiria titi kama tangi. Mimi humwambia mtu alifikirie kama duka la mikate: anayeoka hutazama jana iliuzwa mingapi.

Hata kwa akina mama wenye njaa ya kweli, chakula hakijafanya maajabu yanayotarajiwa. Watafiti waliofanya kazi Keneba, Gambia, waliwapa wanaonyonyesha chakula cha nyongeza kilichopandisha ulaji wao kwa takribani kilokalori 700 kwa siku, na matokeo waliyochapisha mwaka 1983 yalionyesha kwamba wingi wa maziwa haukuongezeka. Mapitio ya mwaka 2020 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopitia tafiti za afya, yalikusanya majaribio 41 yenye akina mama zaidi ya 3,000, kuhusu dawa, mimea na vyakula vinavyosemwa huongeza maziwa. Baadhi ya mimea ilionyesha dalili za kusaidia, lakini ushahidi wake ulikuwa dhaifu na wenye kutofautiana mno kiasi kwamba hauwezi kuegemewa. Maji nayo ni hivyo hivyo. Maziwa ya mama ni maji kwa karibu asilimia 87, ndiyo maana mnyonyeshaji huwa na kiu, na anywe kiu iishe. Kuongeza lita juu ya hapo kunaongeza safari za chooni.

Mahali nilipokosea

Nilikuwa tayari kuwaambia waachane na habari ya chakula, wamweke mtoto titini, basi. Ni jibu tunalolitoa mara nyingi, na tunalitoa tukiwa tumechoka. Kilichonizuia ni mkono wa mama aliounyoosha kupokea kadi. Kiganja kilikuwa cheupe.

Nilifunua kope la chini: nalo limepauka. Karatasi ya kuruhusiwa kutoka hospitali ilisema alitoka damu nyingi baada ya kujifungua na hemoglobini, kipimo cha wingi wa damu, ilikuwa chini: gramu 8.6 kwa desilita. Tulipopima siku ile ikawa 8.4. Vidonge vya madini ya chuma aliviacha siku ya tano kwa sababu vilimkaba tumbo. Tena tangu aanze uwatu alikuwa akiharisha mara mbili tatu kwa siku, na jasho lake lilikuwa na ile harufu tamu kama ya sukari iliyoungua, ambayo uwatu huitoa. Uwatu si sumu, lakini huweza kuchafua tumbo, kushusha sukari ya damu na kugongana na dawa ya warfarini ya kuzuia damu kuganda. Mwenye mzio wa karanga au dengu anaweza kudhurika nao pia.

Kwa maneno mengine, kwenye nyumba iliyojaa bakuli alikaa mwanamke mwenye njaa. Kunyonyesha mtoto asiyekula kingine kunahitaji takribani kilokalori 500 za ziada kwa siku, na sehemu hutoka kwenye mafuta ambayo mwili ulijiwekea wakati wa ujauzito. Yeye alikuwa akijaza tumbo kwa maji ya moto, na nyama ikibaki kwenye chujio. Upungufu wa damu umehusishwa na malalamiko ya maziwa machache, na hata pasipo uhusiano huo, mtu anayeona kizunguzungu akisimama hawezi kuamka mara tatu usiku kumshika mtoto ipasavyo. Bibi alikuwa sahihi kwamba chakula kina nafasi. Alikosea mlango tu.

Kuna mlango mwingine unaosahaulika. Mlo wa mama haubadilishi wingi wa maziwa kwa kiasi kikubwa, lakini hubadilisha baadhi ya vilivyomo. Iodini, vitamini A, vitamini B12 na vitamini B1, kolini na aina za mafuta hupanda na kushuka kulingana na anachokula. Mama asiyekula kabisa vitu vya wanyama na asiyemeza B12 anaweza kutoa maziwa mengi, mtoto akanenepa, na bado akakosa vitamini hiyo inayohitajika na ubongo. Kalsiamu na madini ya chuma ni hadithi tofauti: maziwa huyapata karibu vilevile, na kama mlo haujitoshelezi, anayekopwa ni mama. Kwa hiyo vidonge vya chuma vilikuwa kwa ajili yake, wala sikumwambia vingemsaidia mtoto.

Tuliyokubaliana siku ile yaliandikwa nyuma ya karatasi yenye safu mbili. Mtoto anyonye mara tisa au kumi, apewe matiti yote mawili, pengo refu kabisa lisizidi saa nne, na usiku alale chumba kimoja na mama yake. Akishanyonya, mama akamue kwa mkono dakika chache, mara tano kwa siku, na kilichopatikana apewe mtoto kwa kikombe. Maziwa ya kopo hatukuyaondoa ghafla. Mtoto ambaye hajarudia uzito wake hafanyiwi majaribio ya njaa. Tuliyapima: yasizidi mililita 180 alizokuwa akipata, yatolewe baada ya titi na si badala yake, kisha yapungue kadiri mizani itakavyoruhusu.

Uwatu usimame. Supu ibaki, kikombe kimoja au viwili, nyama yake ikiwa ndani. Uji ubaki asubuhi, ukiongezwa maziwa au karanga zilizosagwa. Halafu milo mitatu ya kutafuna yenye maharage, mayai, samaki au nyama, mboga za majani za kijani kibichi, tunda, na chumvi yenye iodini. Vidonge vya chuma arudie, kwanza kimoja kwa kuruka siku moja ili tumbo lizoee, avimeze na tunda chachu, na chai isogezwe mbali na chakula kwa saa moja au mbili kwa sababu hupunguza ufyonzwaji wa chuma. Sharti moja nililipigia mstari: chakula chake kiwe cha kuweza kuliwa kwa mkono mmoja. Bibi aliuliza kwa nini. Nilimwambia kwamba mkono wa pili una kazi.

Yeye ndiye aliyepata jukumu gumu zaidi. Badala ya kumpokea mtoto ili mama ale, ampokee baada ya kunyonya, amcheulishe, ambadilishe nepi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo nilikuwa namnyang'anya." Nilimjibu kwamba bila yeye mwanamke huyu asingekaa chini hata nusu saa kwa siku, na ni kweli. Wazazi wengi ninaowaona hawana mtu wa kuwaletea hata maji.

Siku ya 16 mtoto alikuwa na gramu 3,080, nepi saba, choo cha njano. Kopo lilikuwa limeshuka hadi mililita 90. Siku ya 20 alifika 3,220, akavuka uzito wa kuzaliwa akiwa amechelewa kwa siku sita, na siku iliyofuata kopo likaachwa. Siku ya 34 alikuwa 3,700. Hemoglobini ya mama wiki ya sita ilisoma 10.4, bado chini ya inavyotakiwa, na vidonge vinaendelea. Titi la kushoto hutoa kidogo kuliko la kulia. Hilo ni la kawaida, na mama huanza nalo asubuhi.

Kama kisa hiki kingekuwa jaribio, kingekuwa jaribio baya. Tulibadilisha unyonyeshaji na chakula siku ile ile, kwa hiyo ukuaji wa mtoto baada ya hapo hauwezi kugawanywa: hiki cha titi, hiki cha sahani. Bibi ameshawaambia majirani kwamba ni nyama iliyoachwa kwenye supu, na sina kipimo cha kumkanusha kwa wiki zile tatu. Nilicho nacho ni cha saa moja tu. Kati ya gramu 14 na gramu 38 za asubuhi ile, mwanamke huyo hakula wala kunywa chochote. Bakuli lilikuwa bado limefungwa kitambaa.